Geti la mota linafunguka lakini halifungi

Usikimbilie kununua mota. Anza na zile sensa mbili zinazotazamana kando ya njia. Buibui akitanda mbele ya kioo, au gari likigusa nguzo ikapinda kidogo tu, mwale wa mwanga usioonekana unaopita kati yake unakatika, na bodi (saketi inayoongoza mota) inachukulia kuna mtu katikati. Futa vioo kwa kitambaa kikavu, zielekeze zitazamane, jaribu tena.

Geti likienda kwa kusuasua, zima umeme, achia mota kwa ufunguo wake na usukume kwa mkono. Likiwa zito, kosa liko kwenye magurudumu au mchanga relini. Likiwa jepesi, pima betri ya volti 12: ikishuka chini ya 11 mota ikivuta, imechoka, badilisha.