Hivi anashiba huyu?

Saa tisa kasoro usiku. Mke Mwenza, mwanangu mchanga, kalala kifuani kwangu mdomo wazi, tone la maziwa limekauka shavuni, na mimi naandika kwa kidole gumba kimoja kwa sababu mkono wa pili ndio mto wake. Nilisema nitapumzika kuandika mpaka arobaini ipite. Leo ni siku ya ishirini na sita tu, lakini kuna maneno matatu yananizunguka kichwani tangu Jumamosi na sijapata pa kuyaweka.

Jumamosi alikuja Shangazi. Shangazi yake Fundi, mume wangu, wa Muheza, yule niliyewasimulia kwamba ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu na ndiye aliyesimama siku ya posa wakati baba mkwe anaumwa. Kapanda basi la asubuhi na kiroba cha machungwa, maana ndiyo msimu wake, na vitenge viwili vipya vya kumbebea mtoto. Nikamwamkia, akaitikia, akanawa mikono bila kuambiwa, akanyoosha mikono apewe mgeni wake. Mimi nilikuwa kitandani nimefungwa mkaja, mama kakaa mkekani anakunja nepi, Shangazi kwenye kile kiti cha plastiki na mtoto mapajani. Akamfungua kanga taratibu. Akahesabu vidole vya miguu. Akatazama pale begani pa sindano, akamgeuza akatazama mgongo, akamfunika tena. Kisha akanyamaza. Akainua kidevu kidogo, kama wafanyavyo watu wa kwetu wasiopenda kunyoosha kidole, akasema:

“Hivi anashiba huyu?”

Nikajibu upesi, kabla mama hajainua kichwa: “Anashiba, Shangazi.”

Akacheka. Hakikuwa kicheko kirefu, ni pumzi tu iliyotoka na sauti. Akasema, “Haya,” akaomba kisu cha kumenyea machungwa.

Basi. Hakuna kingine. Alikaa mpaka saa tisa, akala, akamwogesha mtoto maji ya jioni kabla ya jioni, akaondoka na watu wote wameridhika isipokuwa mimi.

Ambaye hajanyonyesha atashangaa neno dogo hivyo limlize mtu mzima. Wenzangu mnajua. Mke Mwenza alizaliwa na kilo 2.9, siku ya tatu akapimwa akakutwa na 2.7. Muuguzi aliniambia ndivyo watoto wote, hupungua kidogo siku za mwanzo kisha hurudisha ndani ya wiki mbili. Nilimwelewa kwa masikio, moyo ukabaki kwenye zile gramu mia mbili. Chuchu zilikuwa zimechanika. Usiku analia, nampa, anaachia, analia tena, na kila anayepita kibarazani ana dawa yake: mpe maji ya sukari kidogo, mpe maji ya chango, mkorogee uji mwepesi, wewe mwenyewe ulipewa na hukufa. Mama amenisaidia kuwarudisha wote kwa upole. Miezi sita maziwa matupu, hata maji hapana, tumekubaliana. Lakini kukubaliana mchana ni jambo moja, na saa nane usiku ni jambo lingine.

Kwa hiyo nimekuwa nikihesabu. Ukurasa wa mwisho wa daftari langu la maandalio ya masomo umejaa vijiti: nepi zilizolowa, sita kwenda juu kwa siku, kunyonya, mara nane mpaka kumi na mbili. Nimenyonyesha nikisinzia, nimenyonyesha nikilia, nimenyonyesha mama akinikanda kwa maji ya moto mpaka machozi yakachanganyika na jasho. Halafu mtu mmoja anakuja na machungwa, anamtazama mwanangu dakika tano, anauliza kama anashiba.

Na mimi nikajibu kwa sauti gani? Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimejisikiliza tena na tena. “Anashiba” yangu ilipanda mwishoni, kama mwanafunzi anayejibu huku anamtazama mwalimu usoni aone kama kapatia. Usiku wa Jumamosi nilimjibu Shangazi upya mara nyingi. Nilimjibu kwa heshima: anashiba, Shangazi, nepi saba leo. Nilimjibu kwa ukali. Nilimjibu kwa kumchukua mtoto mapajani mwake na kumnyonyesha pale pale bila kusema neno. Kila jibu lilikuwa zuri kuliko lile nililotoa. Kila jibu lilikuja na kile kicheko mwishoni.

Jumapili nikampigia Fundi. Mnajua zile siku zake tatu za likizo ya baba zilikwisha kabla hata kitovu hakijadondoka, yuko Dodoma na mtandao wake wa kukatika. Nikamsimulia. Akauliza, “Alisema hivyo kabisa?” Nikasema ndiyo, na akacheka. Nikamwigizia. Nakiri kwamba nilipomwigizia niliikaza sauti kuliko alivyoikaza mwenyewe, na kicheko nikakirefusha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nitazungumza naye.” Nikasema usijisumbue, kwa namna ya mtu anayetaka ajisumbue.

Wiki ikaendelea: Fundi kapata barua ya kuhamia Mtwara, posa ya mdogo wangu imejibiwa, shuleni wameletewa mwalimu mkuu mpya, na hayo nitayaandika siku nyingine.

Jumanne tulikwenda kliniki. Mama alimbeba, mimi nikashika kadi. Foleni ilifika mpaka nje kwenye mwarobaini, akina mama wa watoto wakubwa wanabembeleza, sisi wa watoto wachanga tunatazamana tu. Muuguzi akamvua Mke Mwenza nguo zote, akamlaza kwenye mzani, akasubiri namba itulie. Kilo 3.4. Nikamwomba apime tena. Akapima. Kilo 3.4. Akaweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya nyuma kwa kalamu, na ule mstari ukapanda. Niliutazama ule mstari kuliko nilivyotazama vyeti vyangu vyote.

Nikamuuliza kama maziwa yangu si mepesi. Akanieleza vizuri, Mungu ambariki: ya mwanzo huwa mepesi, yanakata kiu, mazito yenye mafuta huja nyuma, kwa hiyo nisiwe na haraka ya kumhamisha, nimwache amalize ziwa moja ndipo nimpe la pili. Nimekuwa nikimhamisha kila dakika tano kwa hofu kwamba upande mmoja umekwisha. Tangu Jumanne namwacha, na anaachia mwenyewe, amelegea mikono kama mlevi wa futari.

Nilidhani namba ile ingelifuta neno la Jumamosi. Haikulifuta. Njiani nilikuwa tayari natunga ujumbe wa kumtumia Shangazi: “Kilo 3.4, Shangazi. Anashiba.” Niliuandika, nikaufuta. Nikauandika tena bila salamu, nikaufuta. Furaha ya mwanangu nilitaka kuifanya fimbo.

Jana Alhamisi, saa nne asubuhi, kondakta wa basi la Muheza akampigia mama aende kituoni kuna mzigo. Mama akarudi na bodaboda, kapakata majogoo mawili yamefungwa miguu, na mfuko wa pilipili manga na mdalasini wa milimani Amani, harufu imejaa uwani kabla hajafungua. Nikauliza vya nani. Akasema vya Shangazi. Nikanuna. Kwa hiyo sasa kaleta na dawa ya maziwa, nikawaza.

Mama alikuwa ananyonyoa jogoo la kwanza, mimi nimekaa kizingitini na mtoto. Akasema bila kuinua macho:

“Kasema haya si ya wageni. Ya mzazi peke yake. Kasema yule hashibi, alimwona macho.”

“Mtoto kaongezeka nusu kilo, mama. Si umwambie?”

“Mtoto gani? Anakusema wewe.”

Nikanyamaza.

“Si aliniuliza mbele yako,” mama akaendelea. “Akaniuliza mimi, hivi anashiba huyu. Ukadakia mwenyewe, anashiba Shangazi. Akacheka, maskini. Mtu kaulizwa habari zake anajijibia kama anamsema mwingine.”

Nilirudi kwenye kile chumba cha Jumamosi kwa mara ya mia, na safari hii nikakiona. Mtoto alikuwa mapajani mwake, chini. Kidevu kilipanda juu. Kilipanda kuelekea kitandani. Macho yake yalikuwa kwa mama, ndiyo maana sikuyaona. Huyu. Huyu ni mimi.

Sijui niseme vipi kilichonipata. Siku ishirini na tano watu wamepita nyumbani kwangu, wote wana mapenzi, wote wameuliza: analala? Ananyonya? Kitovu kimepona? Anafanana na nani? Niliwajibu wote kwa furaha. Na mimi kweli nilikuwa sishibi. Ule uji wa pilipili manga nilikuwa nakunywa nusu, nikisubiri mama ageuke nimwage kwenye sinki. Mchuzi nauacha upoe mpaka utando ugande juu. Usingizi ulinishinda njaa, na baadaye hofu ikashinda vyote viwili. Mama aliona kikombe kitupu akaamini. Aliyekaa saa tano tu na machungwa yake ndiye aliyenitazama mifupa ya shingo.

Nikalia pale kizingitini, machozi yakamdondokea Mke Mwenza kwenye paji la uso, akakunja sura bila kuamka. Mama hakuniuliza kitu. Akakatakata kuku, akabandika, akatia pilipili manga mpaka nikapiga chafya toka nje. Nilikunywa bakuli mbili. Nikala firigisi, nikala shingo, nikaguguna mfupa mpaka ukawa mweupe. Sikumbuki mara ya mwisho chakula kilinifika miguuni namna ile.

Kisha nikamkumbuka Fundi.

Nikampigia, hakupokea. Nikampigia tena saa sita, saa nane. Saa kumi na moja jioni akapiga yeye, kelele za saiti nyuma yake. Nikamuuliza hata kabla ya salamu kama alizungumza na Shangazi.

“Nilizungumza naye. Jumatatu.”

“Ulimwambiaje?”

“Nilimwambia asiwe anakuvunja moyo. Kwamba mtoto anashiba, na wewe unajitahidi, na maneno kama yale hayasaidii.”

“Akasemaje?”

Akafikiri. “Hakusema kitu. Alisema haya baba, nimesikia.”

Haya baba, nimesikia. Kijana aliyemtoa kamasi na kumlipia ada kwa machungwa anampigia simu kumkanya, kwa kosa ambalo hakulifanya, na yeye hakujitetea. Hakusema wewe, mimi sikumsema mtoto. Akakaa nalo Jumatatu, akakaa nalo Jumanne, Jumatano akaenda kukamata majogoo. Kama alielewa tumemfikiria nini, basi alituma kuku huku anajua. Kama hakuelewa, basi bado anajiuliza ni neno gani alilosema.

Nilimweleza Fundi yote. Akasema tu, “Lo.” Kisha akasema atampigia. Nikamkataza. Hili langu.

Lakini sijapiga. Jana usiku nilisema ni usiku, watu wa Muheza hulala mapema. Leo mchana nilisema mtoto anaoga. Nikaweka simu sikioni mara moja bila kubonyeza, nione mdomo wangu utaanzia wapi. Nisamehe Shangazi, nilidhani. Nilidhani nini? Nikianza kueleza nilichodhani nitamwambia kwamba nilimwona mtu wa kuja kukagua, yeye aliyehesabu vidole vya mwanangu kwa upole ule. Nisipoeleza, shukrani ya kuku itabaki na mwiba ndani yake. Nimerudi pale pale pa Jumamosi, natunga majibu gizani, ila sasa ni kwa mtu mwingine kabisa. Labda nitaanza na neno lake. Nitasema, Shangazi, shikamoo, leo nimeshiba.

Mke Mwenza amejinyoosha, anatafuta kwa mdomo. Upande wa kulia sasa, mpaka amalize.

Jambo jingine linaninyima raha, na mama akiondoka Jumapili kurudi Lushoto litabaki la kwangu. Ule ufa kwenye kifuniko cha karo la maji machafu nyuma ya nyumba umerefuka. Mwezi uliopita ulikuwa wa shibiri moja, jioni hii nimeupima kwa unyayo, futi mbili na ushee, na ukikanyaga kando yake unasikia sauti ya uwazi chini. Nimemtumia mwenye nyumba picha mara tatu. Amezifungua zote, hajajibu. Nimelaza tofali nne na ngazi mbovu juu yake, lakini watoto wa jirani wana mpira, na jioni huchezea pale pale.