Nilivyoupata Mwanzo na Mwisho wa Riwaya Yangu

Riwaya yangu inamhusu Atieno, mchuuzi wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, katika ufuo wa Dunga, Kisumu. Rasimu ya kwanza ilifunguka kwa kurasa kadhaa za historia: reli iliyofika hapa mwaka 1901, mji huu ulipoitwa Port Florence, ziwa na alfajiri yake. Yote yalikuwa kweli, lakini hapakuwa na mtu aliyetaka kitu, na msomaji asipomwona mtu mwenye haja hana sababu ya kufunua ukurasa wa pili. Historia hiyo nilimpa mzee mchukuzi wa bandarini aisimulie katika sura ya nne, anapotetea malipo yake ya uzeeni, kisha nikalitafuta katika muswada tukio la kwanza linalomfanya Atieno asiweze kurudi nyuma. Lilikuwa sura ya tatu. Sasa riwaya inaanza na gorogoro, kopo la kupimia omena: "Mwenye mashua aliipindua gorogoro ya Atieno kifudifudi mchangani, akamwambia hapimiwi omena mpaka alipe deni."

Deni bila siku ya kulipwa halimtishi mtu, na siku hiyo niliipata kwa wavuvi wenyewe. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki vizuri, hivyo mashua nyingi hupumzika. Nikaamua deni lilipwe kabla ya mwezi kukaribia kujaa. Taharuki ikajengeka bila kumuua mtu katika ukurasa wa kwanza, mtindo ambao, kusema kweli, umenichosha.

Mwisho niliuandika papo hapo, kabla ya kuzigusa sura za katikati. Mwanzo ule unauliza maswali mawili: je, Atieno atalipa, na kulipa kutamgeuza awe mtu wa namna gani? La kwanza nililijibu waziwazi, maana msomaji aliyelisubiri deni kitabu kizima akanyimwa jibu ana haki ya kudai pesa zake. La pili nilikiachia kitendo: Atieno, ambaye sasa ana mashua yake, anafikiwa na mchuuzi kijana asiye na pesa; anamjazia gorogoro, kisha anafungua daftari na kuandika deni pamoja na riba. Rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili, alizipiga mstari aya mbili zilizofuata, zilizojadili huruma na ukatili, akaandika pambizoni, "Haya nimekwisha kuyaona." Nilizifuta, na arusi ya binti yake Atieno, iliyopangwa kufunga kitabu, nikaihamishia sura ya kumi na tano, ambako ugomvi wa mahari ulikuwa ukiingoja.