Mtajeni kwa Jina

Tumsifu Yesu Kristo!

Wiki hii kuna maneno mawili yamenielemea. Nimeyasikia kwenye daladala, nimeyasikia nje ya kanisa baada ya Misa, na Jumatano nikayasikia hata kwenye jumuiya yetu kabla hatujaanza rozari: "Yule amekwisha." Anasemwa baba aliyefunga duka, anasemwa kijana aliyerudia pombe. Yanatamkwa kwa huruma kabisa, watu wanatikisa vichwa, halafu tunaanza Salamu Maria. Kila nilipopiga magoti wiki hii maneno hayo yalinitangulia.

Katika hali hiyo nikakutana na habari za timu ya besiboli ya Marekani, New York Mets ya mwaka 1969. Najua wengi wetu hatuufuati mchezo huo, lakini nivumilieni. Timu hiyo ilianza mwaka 1962, na msimu wake wa kwanza ilipoteza mechi 120. Ikawa kichekesho cha nchi nzima. Mwaka 1968 ilishika nafasi ya tisa kati ya timu kumi za ligi yake. Mwaka uliofuata ikafika fainali, World Series, ikakutana na Baltimore Orioles waliokuwa wameshinda mechi 109 msimu ule. Mechi ya kwanza Mets wakafungwa 4-1. Kisha wakashinda nne mfululizo, na tarehe 16 Oktoba wakawa mabingwa. Katika mechi hiyo ya mwisho walikuwa nyuma, na aliyesawazisha kwa kuuvusha mpira nje ya uzio, pigo kubwa kuliko yote katika mchezo huo, ni Al Weis, mmoja wa wapigaji dhaifu kabisa kikosini, ambaye hakuwa amewahi kufanya hivyo kwenye uwanja wao wa nyumbani. Habari ya Gideoni na watu wake 300 mnaijua, sina haja ya kuirudia.

Lakini si ushindi ulionishika. Ni kocha wao, Gil Hodges.

Hodges alikuwa Mkatoliki mwenye kuishika imani yake, na enzi zake za uchezaji alikuwa Brooklyn Dodgers, timu ya eneo la Brooklyn huko New York. Katika fainali ya mwaka 1952 alisimama kupiga mara 21 zinazohesabiwa, na hakupata pigo hata moja la kumfikisha kituoni, mahali mpigaji anapokimbilia akishaupiga mpira vizuri. Hata moja! Timu yake ikakosa ubingwa. Msimu wa 1953 ukaanza, bado mambo ni yale yale. Watu wa Brooklyn wangeweza kumzomea, na wangeeleweka. Hawakumzomea. Walimtumia barua, walimtumia rozari. Jumapili moja yenye joto kali padre mmoja wa Brooklyn akawaambia waumini kwamba joto limezidi, leo hakuna mahubiri. Waende nyumbani, wazishike amri za Mungu, na wamwombee Gil Hodges.

Nimekaa na habari hiyo muda mrefu. Padre anaacha mahubiri yake, lakini hawezi kuliacha jina la mtu aliyeelemewa. Analitaja kanisani, mbele ya wote, si kwa kumsema bali kwa kumwombea. Hodges akainuka, na msimu ule akauvusha mpira nje ya uzio mara 31.

Ndugu zangu, mimi ni shahidi wa jambo hili. Nilipofiwa na mume wangu, ulifika wakati sikuweza kusali. Nilishika rozari, maneno hayatoki. Akina mama wa jumuiya walikuja, wakakaa kwenye mkeka, wakasali wao, na katika kila fumbo wakataja jina langu. Hawakuniuliza imani yangu imekwenda wapi. Walinisalia mpaka siku niliyoweza kuitikia mwenyewe. Basi nikisikia "amekwisha" moyo unaniuma, maana najua nilikuwa wapi, na najua ni nani waliokataa kunihesabu hivyo.

Sasa niseme bila kuzunguka. Tumekuwa wepesi wa kutoa taarifa za ndugu zetu na wazito wa kuwaendea. Tunajua nani hajapokea Komunyo tangu Pasaka, tunajua nani ameacha kwaya na sababu zake. Nani kati yetu amebisha hodi kwake? Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba mtu akighafilika katika kosa, tumrejeze kwa roho ya upole. Kumrejeza mtu kunataka miguu.

Na upole haumaanishi kunyamaza. Julai ya mwaka ule wa 1969, siku timu imefungwa vibaya, Hodges alimwona Cleon Jones, mpigaji wake bora, akiufuata mpira kwa uvivu. Hakumpigia kelele kutoka benchi. Alitoka, akatembea taratibu katikati ya uwanja, akampita mrushaji, akaenda mpaka kule nyuma kabisa upande wa kushoto alikokuwa amesimama Jones. Wakazungumza, kisha wakarudi wote wawili, naye akamweka benchi. Nje ilisemwa mguu unamuuma. Hakumwacha na kosa lake, wala hakumtupa kwa wenye kusema. Oktoba, mpira wa mwisho wa fainali ulipopigwa juu, aliyeudaka na kuumaliza mchezo ni Cleon Jones.

Nawaomba basi, viongozi wa jumuiya hasa: katika maombi ya Jumatano tuache kusema "tuwaombee wote waliolegea". Tuwataje. Yosefu, Anna, baba fulani, kwa jina la ubatizo, kama tunavyowataja marehemu wetu mwezi Novemba. Na kila jina litakalotajwa, wawili wajitolee kwenda nyumbani kwake kabla ya Jumapili, wasiende na maswali, waende na salamu na chochote kilichopo jikoni. Mimi nimeshachagua ninayemwendea. Nahitaji wa kufuatana naye Jumamosi asubuhi. Aliye tayari aniambie.