Kuku wa jirani na tuta langu la mchicha

Nikipanda asubuhi, jioni nakuta kuku wa jirani wamefukua tuta zima. Nilianza na matawi ya miiba. Wakapita chini yake kama hawayaoni.

Nikanunua wavu wa kuku, wa futi nne kwenda juu, nguzo nikakata mianzi. Kosa langu lilikuwa kuuachia wavu juujuu ya udongo: siku ya tatu jogoo mwekundu yumo ndani, anachakura kwa raha zake! Nikaung'oa, nikachimba mtaro wa kina cha kiganja, nikafukia ukingo wa chini na kupanga mawe. Hajaingia tena.

Wakabaki nondo wadogo wa kijivu, wale ambao viwavi wao hutoboa sukuma wiki. Nikakunja fito mbichi za mpera ziwe matao, nikatandaza chandarua kisicho na dawa, kingo nikazikandamiza kwa mchanga. Kwanza nilipekua majani upande wa chini na kuponda viwavi, maana ukifunika nao ndani umewajengea nyumba. Maji na jua vinapita vizuri. Maboga sikuyafunika, yale yanahitaji nyuki.