Mota ya trimu inapokimbia mno: punguza volti, lakini kabla ya rilei

Ndege za RV za Van's Aircraft ya Marekani, ambazo mwenyewe huziunda kutoka vipande, mjenzi akichagua trimu ya umeme, mara nyingi hufungwa mota ndogo ya kampuni ya Ray Allen ya volti 12. Mota hiyo husukuma kibao kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa eleveta, yaani ubao wa mkiani unaopandisha na kushusha pua, rubani asilazimike kuvuta au kusukuma stiki muda wote. Kasi yake inafaa wakati wa kutua. Angani ndege ikiwa mbio, ukigusa kitufe kidogo tu pua inapanda kuliko ulivyotaka, unarudisha, inashuka kupita kiasi, na hivyo hivyo bila kutulia.

Sababu ni hewa. Nguvu ya hewa kwenye kibao huongezeka kwa mraba wa mwendo: kibao kikiinama kiasi kilekile, kwenye kilomita 300 kwa saa kinasukuma mara nne ya kwenye 150. Kwa hiyo hakuna kasi moja ya mota inayofaa kila mahali.

Wengi huanza kwa kutia rezista moja, kipande kinachozuia umeme, kwenye waya wa mota. Siipendekezi. Mota inapolemewa na hewa huvuta ampea zaidi, na rezista nayo inakula volti zaidi papo hapo, yaani mota inanyimwa nguvu wakati inaihitaji kuliko wakati wowote. Itazunguka vizuri ndege ikiwa imeegeshwa, kisha ikwame angani. Njia ya kukatakata umeme kwa mapigo ya haraka huipa mota nguvu nzuri hata ikienda polepole, ila waya mrefu unaokwenda mkiani unageuka antena: utasikia mvumo kwenye redio, na taa za kionyesho cha trimu zinaweza kuchezacheza.

Ninayoiamini ni regyuleta ya LM317, kifaa kidogo cha miguu mitatu (ingizo, toleo na mguu wa kurekebisha) kinachoshikilia volti moja. Ni ya bei ndogo, haina kelele, na volti inayotoa haibadiliki mota ikilemewa wala alteneta ikipandisha umeme wa ndege kutoka 12 hadi 14.

Kosa kubwa ni mahali pa kuiweka. LM317 hupitisha umeme upande mmoja tu, na mota ya trimu hubadilishiwa chanya na hasi kila unapogeuza uelekeo. Kazi hiyo ya kugeuza hufanywa na rilei, swichi zinazoamshwa na umeme wa koili. Ukiiweka kati ya rilei na mota, upande mmoja utakwenda polepole na mwingine hautafanya kazi ipasavyo. Iweke kabla ya rilei. Katika mpango wa rilei mbili, kila waya mweupe wa mota unakwenda mguu wa kati wa rilei moja. Rilei ikilala, mguu huo unagusa hasi. Ikiamka, unagusa toleo la LM317. Rilei zote zikilala mota imefungwa pande zote kwenye hasi, nayo inajifunga breki na kusimama upesi. Rubani na abiria wakibonyeza vitufe vinavyopingana, waya zote mbili zinapata volti sawa na mota haiendi popote. Koili za rilei na kionyesho vipate umeme kamili wa ndege, visipitie kwenye regyuleta.

Vipimo: rezista ya ohm 240 kati ya toleo na mguu wa kurekebisha. Kutoka mguu wa kurekebisha kwenda hasi, weka ohm 680 ikifuatana na potenshiometa (rezista inayorekebishwa kwa skrubu) ya ohm 1,000. Utapata kati ya volti 4.8 na 10 hivi. Mguu wa kati wa potenshiometa uunganishe na mmoja wa miguu ya pembeni. Mtetemo ukiupotezea mgusano, volti itaishia 10 badala ya kupanda hadi mwisho. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye ingizo na 1 kwenye toleo. Kila koili ya rilei ipate dayodi ya 1N4001, inayopitisha umeme upande mmoja tu, iliyogeuzwa ili imeze mshtuko wa umeme koili ikizimwa. Kwenye mota yenyewe usiweke dayodi moja, maana ukigeuza uelekeo itakuwa shoti.

Joto lisipuuzwe. Pima ampea za mota yako kwa mita. Ikivuta 0.3, na regyuleta inashusha volti 7, hiyo ni wati 2.1, na LM317 isiyo na bati la kupozea itapanda zaidi ya digrii 100. Ifunge kwenye bati la alumini, lakini bati lake la mgongoni limeungana na toleo, si hasi. Bila kipande cha maika kisichopitisha umeme na bushi ya plastiki kwenye skrubu, umepiga shoti kwenye bodi ya ndege.

Anza na volti 7. Pima kwa saa safari nzima ya kibao, juu hadi chini, kabla na baada ya kufunga regyuleta. Muda utakaribia mara mbili. Kisha kizuie kibao kwa mkono kidogo na uone kama mota bado inaanza. Ikisita, ongeza, kwa sababu baridi ya juu huifanya grisi kuwa nzito.

Ukitaka kasi mbili, ongeza rilei ya tatu inayoamshwa na swichi ya flapu (vibao vya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), iipe mota umeme kamili flapu zikishuka. Ukiahirisha kutua na kusukuma nguvu yote, pua hupanda kwa nguvu na unahitaji trimu ya haraka. Rilei hiyo ikilala, au ikikosa umeme, ibaki kwenye polepole.

Regyuleta haizuii trimu inayokimbia yenyewe kwa sababu ya rilei iliyonata. Inakupa muda tu. Fyuzi ya kuvuta iwe mahali mkono unafika bila kutafuta. Ivute, kisha punguza mwendo, stiki itakuwa nyepesi.

Ukishapata kasi uipendayo angani, dondosha rangi ya kucha kwenye skrubu ya potenshiometa isilegezwe na mtetemo.