Mishipa ya kufunga na mishipa ya kuacha

Jumapili, usiku

Neno "mshipa" limenikaa kichwani tangu asubuhi. Mtu akisema ana mshipa, huyu anaelewa ngiri, yule anaelewa busha, na mwenye varikoseli anabaki bila jina la ugonjwa wake. Varikoseli si utumbo ulioshuka, wala si maji. Ni vena za korodani, yaani mishipa inayorudisha damu, zilizotanuka na kujisokota. Mgonjwa akisimama na kukaza tumbo, daktari huzipapasa kwa vidole, kama minyoo ndani ya mfuko. Akilala, hunywea.

Wanaume kama 15 katika kila 100 wanayo, na wengi wao wanazaa vizuri tu. Kwa wanaotafuta mtoto bila kupata, huonekana kwa 35 hadi 40 katika 100. Karibu kila mara ni upande wa kushoto, kwa sababu vena ya huko hupanda hadi kwenye vena ya figo na kuingia kwa pembe mraba, ilhali ya kulia huingia kwa mshazari kwenye vena kuu ya tumbo. Vali, vile vilango vya ndani ya vena, zikilegea, damu hurudi chini pamoja na joto lake, na korodani hutaka ubaridi ili itengeneze mbegu. Ikitokea kulia peke yake, au isiponywea mtu akilala, apigwe ultrasaundi ya tumbo kwanza. Huenda kuna uvimbe unaobana.

Nani apasuliwe? Varikoseli iwe ya kupapasika, manii yapimwe mara mbili na yaonyeshe kasoro, na mke awe amechunguzwa pia. Sampuli itolewe baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021, kiwango cha chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatikisika. Varikoseli iliyoonekana kwenye ultrasaundi pekee iachwe. Inaniuma kuona watu wakiuza shamba kulipia kisu kisichowasaidia.

Operesheni yenyewe huanza na mkato wa sentimita 2 hadi 3 kinenani, bila kukata misuli. Kamba ya korodani, yaani fungu la mishipa yake na mrija wa mbegu, huvutwa nje na kuwekwa chini ya hadubini inayokuza mara 10 hadi 25. Kuanzia hapo, ustadi uko zaidi katika kuacha. Ateri ya korodani, mshipa unaoipelekea damu, ina unene wa milimita 1 hivi, tena mara nyingi imezongwa na vena pande zote. Hutafutwa kwa mapigo yake au kwa dopla ndogo, kifaa kinachosikiliza mtiririko wa damu, na ikisinyaa hudondoshewa dawa ya papaverini ili itanuke. Ikikatwa, korodani inaweza kunyauka. Mirija ya limfu nayo haina rangi, ni kama uzi wa maji. Ikifungwa, majimaji hukosa njia na mgonjwa hurudi na busha. Ndiyo maana busha ni nyingi zaidi pale hadubini isipotumika, na mgonjwa ana haki ya kuuliza: utatumia hadubini? Mrija wa mbegu huachwa pamoja na vena zake, maana damu lazima ipate pa kurudia. Vena nyingine hufungwa moja moja, hata zile nyembamba kabisa. Ukiruka moja, itatanuka, na varikoseli imerudi.

Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, chupi ya kubana, hakuna kubeba gunia wala ndoo kwa wiki 2 au 3. Homa, usaha, au uvimbe unaokua haraka, arudi hospitali mara moja.

Kisha kungoja. Mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutengenezwa, na siku kadhaa tena za safari kabla ya kutoka. Kipimo cha mwezi wa kwanza huonyesha mbegu zilizoanza kabla ya kisu, kwa hiyo kinavunja watu moyo bure. Pimeni mwezi wa 3, halafu wa 6. Kwa wengi manii huboreka, lakini si kila manii yaliyoboreka huleta mimba. Na kama mke amevuka miaka 35, miezi hiyo ni mirefu kwa mayai yake: suala la upandikizaji wa mimba lizungumzwe siku ile ile inayopangwa operesheni, wote wawili wakiwa wamekaa mbele ya daktari.