Nilivyosoma masta ya uandishi nikiwa Tanga mpaka ikawa ndo kazi yangu

Mi nimesoma masta ya uandishi nikiwa hapahapa Tanga, Chumbageni, chuo kipo Uingereza nasoma onlaini usiku baada ya kazi, na sa hivi uandishi ndo unanilipia kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Naandika hii kwa yeyote aliyeko mkoani anayependa kuandika na kila siku anaambiwa uandishi ni wa watu wa Dar au wa wanaotunga riwaya. Sio kweli jamani.

Uandishi ninaousema ni ule wa kazi. Ripoti, andiko la mradi la kupeleka kwa mfadhili, mwongozo wa kutumia mashine, wasifu wa kampuni, hotuba ya mkurugenzi, barua inayoenda kwa wateja mia tano na wote wanatakiwa waielewe vilevile. Kila ofisi inayo hii kazi, na ofisi nyingi inafanywa na mtu ambaye hakuiomba wala hakufundishwa. Mi nilikuwa karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, digrii yangu ya kwanza ni ya biashara, na kila barua ngumu bosi ananirushia mimi, "hebu mwandikie huyu kistaarabu". Kipindi hicho bandari yetu ndo ilikuwa inaongezwa kina kutoka mita 3 mpaka 13, meli ambazo zamani zilitia nanga hukooo nje mzigo ukaletwa na matishari zikaanza kufunga gatini moja kwa moja, wateja wakaongezeka na kila mteja mpya anataka karatasi, kampuni yenu inafanya nini, utaratibu wenu ukoje, mzigo ukichelewa nani anahusika. Nikaona kumbe hii kitu ninayoifanya kwa kupenda ina soko, ila nikitaka nilipwe kama mtaalamu lazima niijue kitaalamu.

Nilitafuta vya nyumbani kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule nzuri ya uandishi wa habari, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kina kituo hapahapa Tanga kwa hiyo ukisoma huko huhitaji kuhama. Kwa anayetaka habari au mawasiliano ya umma ningemwambia aanzie hapo, atabaki na hela nyingi mfukoni. Mi nilikuwa nataka kufundishwa nyaraka zenyewe, namna ya kuzijenga na kuzijaribu, ndo nikaangukia chuo cha nje.

Kitu kilichonipa moyo ni mpangilio wa masta za Uingereza, maana zinahesabiwa kwa krediti. Masta kamili ni krediti 180 na krediti moja ni kama saa 10 za kusoma, ukipiga hesabu ni saa 1800 hizo, sio mchezo. Lakini ukifikisha 60 vyuo vingi vinakupa cheti cha uzamili na ukifikisha 120 ni stashahada ya uzamili, kwa hiyo hela ikikata katikati hutoki mikono mitupu. Mi nikajiandikisha kile cheti cha 60 kwanza, nikalipa somo kwa somo, nyingine mkopo wa SACCOS nyingine akiba yangu, nilipoona kazi ndogondogo zinaanza kuingia ndo nikaendelea mpaka mwisho. Viza huhitaji kwa sababu huendi kokote, ila Kiingereza wanataka ushahidi, vingi vinataka IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, alama 6.5 au 7, mi nilikwenda kuufanyia Dar.

Vipindi sasa. Walivipanga saa moja usiku kwa saa za kwao, ambayo kwetu ni saa nne usiku majira yao ya baridi, wakisogeza saa zao mwishoni mwa Machi inakuwa saa tatu. Mtoto kalala, mume wangu anaangalia mpira sauti chini, mi nipo mezani na laptopu na bando la usiku. Umeme ukikatika nahamia kwenye simu. Nashukuru Mungu nyumbani walinielewa, bila hivyo nisingefika, na kama una familia kaa nao chini kabla hujalipa hata senti.

Walichonifundisha hasa ni swali moja ambalo mwalimu alikuwa anatubana nalo kila asaimenti, anayesoma hii karatasi ni nani na akimaliza anatakiwa afanye nini. Basi. Unapeleka ukurasa wako, wenzako wanausoma mbele yako na wewe huruhusiwi kujitetea, unasikiliza tu wanapokwama. Wenzangu wengi walikuwa Waingereza, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hawaijui, kata hawaijui, kwa hiyo kila nilichokichukulia kawaida ilibidi nikieleze kwa mstari mmoja bila kumchosha msomaji. Hilo lilinijenga kuliko somo la sarufi lolote, na ni mazoezi ambayo ningeshauri hata asiyesoma masta ayafanye, mpe kazi yako mtu asiyekujua halafu nyamaza.

Mradi wa mwisho ndo ninaoupenda kuliko vyote. Unatengeneza nyaraka halisi halafu unaandika maelezo ya kitaaluma kutetea kila uamuzi wako. Nikaenda kuomba kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, wana korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge zikatoka singa, yaani nyuzi zake, na maelekezo yao ya usalama yalikuwa yamebandikwa ukutani kwa lugha ya kiofisi, "Ni marufuku kwa mtumishi yeyote kusogelea sehemu za mtambo zilizo katika mwendo pasipo idhini ya msimamizi wa zamu". Mtu yuko kwenye kelele, mikono imelowa maji ya mkonge, majani yamekwama, huo mstari utamsaidia nini? Nikaandika upya: Majani yakikwama, usiingize mkono. Mwite msimamizi azime mashine. Kisha rudi nyuma hatua mbili.

Halafu nikaenda nao kuwajaribishia wenyewe. Unampa mtu karatasi, humwelezi kitu, unamuuliza tu majani yakikwama utafanyaje. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye korona miaka na miaka, nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaisoma taratibu kidole kinafuata mstari, akanitazama akasema, "Mwanangu, hapa mtu kwanza arudi nyuma ndipo aite. Akisimama palepale anaita, shati laweza kuvutwa na mkanda." Nikabadilisha mpangilio pale pale, kurudi nyuma ikawa hatua ya kwanza, na vijana waliofuata wote walionyesha kwa vitendo bila kuuliza. Supavaiza wangu hajui Kiswahili hata kidogo, nikamwekea tafsiri ya Kiingereza pembeni pamoja na rekodi ya kila nililoambiwa na wafanyakazi, na ile sehemu ya mzee ndo aliyoisifia kuliko zote kwa sababu inaonyesha nyaraka imejaribiwa kwa wenye kazi. Karatasi mpya ikabandikwa, na yule meneja wa shamba ndo akawa mteja wangu wa kwanza mkubwa, akanipa mwongozo mzima wa wafanyakazi wapya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayesoma au anayetaka kusoma, kila asaimenti ifanye kwa nyaraka ya kweli ya mahali ulipo. Wengine darasani walikuwa wanabuni kampuni za kufikirika, wakapata maksi nzuri tu, lakini mi nilimaliza nikiwa na faili la kurasa za kabla na baada ambazo mfanyabiashara wa Ngamiani hapa mjini akiziona anaelewa dakika hiyohiyo nitamfanyia nini. Hilo faili nalituma wasap kama PDF, kurasa chache sana, na limeniletea kazi kuliko cheti chenyewe. Cheti kinasaidia kwenye mashirika na taasisi, na kama chuo ni cha nje peleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kikatambuliwe mapema usisubiri mpaka siku ya intavyuu.

Nilipoacha ukarani nilisajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, nikachukua TIN, namba ya mlipakodi, na leseni ya halmashauri ya jiji, kwa sababu ofisi nyingi haziwezi kukulipa kama huna karatasi hizo hata kama wanakupenda vipi. Kuhusu bei silipishi kwa ukurasa, maana ukurasa mmoja wa maelekezo ya korona unaweza kula kazi kuliko ripoti ya kurasa thelathini. Nalipisha kwa kazi nzima, nusu mwanzo nusu nikikabidhi, na kwenye makubaliano naandika kabisa wataomba marekebisho mara ngapi, na siku ya kwenda kuwajaribishia wasomaji naiweka kwenye bei waziwazi. Wapo wanaotaka iondolewe ili ipungue. Siiondoi.

Sa hivi kazi inayonijaa ni ya zabuni. Manunuzi ya serikali yapo kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST tangu 2023, na sheria inatenga asilimia 30 kwa makundi maalum, wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, sasa kuna vikundi vinashona na kupika vizuri mno ila vikiambiwa vieleze uwezo wao kwa maandishi wanaandika historia ya kikundi na majina ya viongozi, afisa manunuzi haoni wapi wanaweza kutoa sare mia mbili kwa muda gani. Hawa nawafanyia kwa bei ya chini makusudi, nakaa nao nusu siku nawauliza mmeshona nini, kwa nani, cherehani ngapi, mkichelewa mnafanyaje, halafu tunaanza wasifu wao na majibu hayo na historia inaenda ukurasa wa mwisho.